Dipoziti Yangu Imegeuka Rangi ya Ukuta

Safu ya wasomaji: nyumba, kodi na haki zako

SWALI

Shikamoo mama. Mimi natoka Kisumu, nina watoto wawili, naishi Lowell, Massachusetts, na kazi yangu ni kutunza wazee zamu ya usiku. Septemba 2024 nilipanga nyumba ya vyumba viwili, kodi dola 2,100. Kabla ya kupewa ufunguo nilitoa kodi ya mwezi wa kwanza, kodi ya mwezi wa mwisho na dipoziti, kila moja dola 2,100. Juu yake dola 75 za fomu, dola 250 za usafi na dola 40 za kubadilisha kitasa. Risiti niliyopewa ni ya kitasa peke yake. Ajenti aliniandikia kwenye simu kwamba joto limo ndani ya kodi. Ilipofika Novemba mwenye nyumba akaniambia nifungue akaunti ya gesi kwa jina langu. Nikafungua, maana watoto walikuwa wanalala na makoti. Mpaka Machi nilikuwa nimelipa 184, 231, 268, 240 na 167. Mkataba haukusema lolote kuhusu joto.

Nilihama tarehe 31 Agosti 2025. Nilipiga deki, nikasugua jiko, nikapiga picha kila chumba. Tarehe 20 Septemba nikapata ujumbe wa simu: dipoziti imeishia kwenye rangi na zulia. Nikimpigia hapokei. Mume wangu anasema tuachane nayo, nchi si yetu. Je, ni kweli hakuna la kufanya?

Mama Watoto, Lowell

JIBU

Marahaba mwanangu. Lipo la kufanya, tena kubwa, na wakati wake ni sasa.

Nilipofika kwenye neno zulia niliweka simu chini kwanza. Mwaka 2008, nikiwa sijamaliza miaka miwili tangu nitoke Tanga, mwenye nyumba wangu wa kwanza hapa Lowell alinikata dola 900 za dipoziti, akasema ni za kuosha zulia. Nyumba ile ilikuwa sakafu ya mbao tupu kutoka mlangoni hadi jikoni. Hapakuwa na zulia hata la kufutia miguu. Yeye alijua, mimi nilijua, na bado nilinyamaza, kwa sababu niliamini kumlalamikia mwenye nyumba ni kujitafutia kurudishwa kwetu. Zile dola 900 zilikuwa za nauli ya kwenda kumzika bibi yangu. Sikwenda. Leo huu ni mwaka wa kumi na moja nafanya ukalimani na usaidizi kwenye ofisi ya msaada wa kisheria. Si wakili, lakini kesi ya aina yako naifahamu kama ninavyofahamu njia ya kwenda kazini, na kila nikiona neno zulia kwenye ujumbe wa mwenye nyumba moyo unanipanda.

Tuanze na jambo ambalo wapangaji wengi hawaambiwi. Massachusetts ina sheria ya kumlinda mnunuzi, Sura ya 93A, iliyotungwa mwaka 1967. Mwaka 1969 kikaongezwa kifungu cha 9, kinachompa mtu wa kawaida haki ya kushtaki mwenyewe bila kumngoja Mwanasheria Mkuu wa jimbo amshtakie. Sheria hiyo inakataza dhuluma na udanganyifu katika biashara. Wengi wakisikia mnunuzi wanafikiria gari bovu au simu feki. Kumbe kupangisha nyumba nako ni biashara. Anayekuuzia paa kwa mwezi hana tofauti na anayekuuzia sukari kwa kilo; akichezea mizani, kosa lake ni lile lile. Na Mwanasheria Mkuu ana kanuni zinazowahusu wenye nyumba hasa, zinazosema kwamba kukiuka sheria ya dipoziti, kuacha nyumba chini ya viwango vya afya, au kuingiza masharti haramu kwenye mkataba ni udanganyifu chini ya 93A.

Tofauti yake iko kwenye pesa. Ukidai dipoziti kama deni la kawaida, unatarajia kulipwa deni lako, basi. Ukiidai kama udanganyifu, na ikaonekana mwenye nyumba alifanya kwa kusudi au kwa kujua, mahakama inampa adhabu ya kulipa mara mbili mpaka mara tatu, pamoja na ada ya wakili wako. Kwa mtu wa kipato chetu hiyo ada ya wakili ndiyo inayofungua mlango, kwa sababu wakili anaweza kukubali kesi akijua atalipwa na upande wa pili.

Sasa tupitie pesa zako.

Unapoingia nyumbani, sheria ya dipoziti, Sura ya 186 kifungu cha 15B, inamruhusu mwenye nyumba kudai vitu vinne tu: kodi ya mwezi wa kwanza, kodi ya mwezi wa mwisho, dipoziti isiyozidi kodi ya mwezi mmoja, na gharama halisi ya kitasa na ufunguo. Hakuna cha tano. Kwa hiyo dola 40 za kitasa ni halali kama kweli kitasa kilibadilishwa. Dola 75 za fomu si halali, na dola 250 za usafi si halali. Usishangae nikisema hivyo kwa mkazo. Ada ya usafi nimeiona imeandikwa kwenye mikataba mizuri yenye nembo, na wapangaji wanailipa kwa sababu imechapishwa. Kuchapishwa hakuihalalishi. Hapo una dola 325.

Dipoziti ina masharti makali zaidi, na hapa mwenye nyumba wako amejifunga mwenyewe. Alitakiwa kuiweka benki ndani ya Massachusetts, kwenye akaunti ya pekee yenye riba, isiyochanganyika na pesa zake. Ndani ya siku 30 alitakiwa akupe risiti yenye jina la benki, mahali ilipo, kiasi, na namba ya akaunti. Alitakiwa pia akupe karatasi ya hali ya nyumba: kila ufa, kila doa, kila kigae kilichovunjika siku ulipoingia, nawe ukapewa siku 15 za kuongeza alichosahau. Hukutaja karatasi hiyo, nami nadhani hukuipata. Bila karatasi hiyo atathibitishaje kwamba doa la ukutani ni la watoto wako na si la mpangaji aliyepita?

Kisha ukihama ana siku 30. Ndani ya hizo arudishe dipoziti, au alete orodha ya uharibifu, kitu kimoja kimoja, aliyoiapia chini ya adhabu ya kusema uongo, pamoja na risiti au makadirio ya fundi. Na uharibifu maana yake ni uharibifu. Rangi iliyofifia baada ya familia kuishi mwaka mzima ni uchakavu wa kawaida, na uchakavu wa kawaida haulipiwi na mpangaji. Wewe ulihama tarehe 31 Agosti. Siku 30 ziliisha tarehe 30 Septemba. Alichokuletea ni ujumbe wa simu wenye maneno mawili, rangi na zulia. Hiyo si orodha, haijaapiwa, haina risiti. Amepoteza haki ya kushikilia hata senti moja. Na kwa kutorudisha ndani ya siku 30, kifungu hicho hicho kinamtaka alipe mara tatu ya dipoziti pamoja na riba ya asilimia 5. Dola 2,100 mara tatu ni dola 6,300. Hapo hakuna haja ya kuthibitisha kwamba alikusudia.

Kuna jambo moja dogo: kwa kuwa ulikaa mwaka mzima, unadai pia riba ya dipoziti na ya ile kodi ya mwezi wa mwisho uliyoitanguliza. Itakuwa pesa kidogo. Idai hivyo hivyo.

Kuhusu gesi, nataka usome taratibu. Kanuni za afya za Massachusetts zinamtaka mwenye nyumba ahakikishe nyumba ina joto kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 31 Mei: nyuzi 68 za Farenhaiti kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tano usiku, na nyuzi 64 usiku. Gharama ya kupasha joto ni yake, isipokuwa mkataba wa maandishi useme mpangaji ndiye atakayelipa. Wa maandishi. Kukuambia kwa mdomo mwezi wa Novemba, watoto wakiwa wamevaa makoti kitandani, si mkataba. Wewe unasema mkataba wenu umenyamaza. Basi ukimya huo unamwangukia yeye, na juu ya hayo una ujumbe wa ajenti unaosema joto limo ndani ya kodi. Ujumbe huo ni dhahabu. Leo, kabla hujalala, upige picha ya skrini inayoonyesha namba ya simu na tarehe, kisha ujitumie kwenye barua pepe, maana simu huanguka chooni, simu huibwa. Bili zako tano nimezijumlisha: ni dola 1,090.

Huo ujumbe ndio unaofanya suala la gesi liwe udanganyifu zaidi ya uzembe. Kuna mtu alitangaza bei moja ili uingie, halafu ukishaingia, baridi imeanza na huna pa kwenda, ukakuta bei nyingine.

Mikataba ya kutisha nayo ina historia yake. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Massachusetts iliamua kesi ya wapangaji waliopewa mikataba yenye masharti haramu, likiwemo sharti lililowafanya waamini mwenye nyumba hana wajibu wa kuwapa nyumba inayofaa kukaliwa na binadamu. Mwenye nyumba alijitetea kwamba hakuna aliyeumia. Mahakama ikasema kumdanganya mtu kuhusu haki zake ni madhara tayari, na kila mmoja akastahili fidia ya chini kabisa ya sheria, dola 25. Naipenda sana hukumu ile. Lakini usiiegemee peke yake, maana mwaka 2006 mahakama hiyo hiyo ilikaza kamba katika kesi nyingine: kuvunja kanuni tu hakutoshi, onyesha kwamba kumekuletea hasara. Wewe hasara unayo, na ina risiti za kampuni ya gesi.

Sasa barua. Chini ya 93A huendi moja kwa moja mahakamani. Unaanza na barua ya madai, na unampa siku 30. Wengi wanaruka hatua hii kwa sababu ya hasira, halafu dai lao la 93A linakwama mlangoni. Iandike kwa Kiingereza, ukurasa mmoja, bila matusi na bila kulia. Kwa Kiswahili ingesomeka hivi:

"Nilipanga kwako kuanzia tarehe 1 Septemba 2024 hadi 31 Agosti 2025. Hii ni barua ya madai chini ya Sura ya 93A, kifungu cha 9. Ulichukua dipoziti ya dola 2,100 bila kunipa risiti ya benki. Zimepita siku 30 tangu nihame na hujanirudishia, wala hujanipa orodha ya uharibifu iliyoapiwa. Ulinitoza dola 325 za fomu na usafi ambazo sheria hairuhusu. Ulinilipisha dola 1,090 za gesi ya kupasha joto bila mkataba wa maandishi, wakati ajenti wako alinihakikishia kwamba joto limo ndani ya kodi. Jumla ni dola 3,515, na riba. Naomba jibu la maandishi lenye pendekezo la haki ndani ya siku 30. Nisipolipata, nitadai mahakamani mara tatu ya kiasi hicho pamoja na gharama zote."

Tia nakala za bili, ujumbe wa ajenti, mkataba, na picha za siku ya kuhama. Nakala, mwanangu, si zile zenyewe. Peleka posta kama barua ya rejista yenye kikadi cha kijani ambacho mpokeaji anakitia sahihi kisha kinarudi kwako. Kikirudi, kibandike kwenye nakala yako ya barua. Nimeona mwenye nyumba akiapa mbele ya hakimu kwamba hakupata barua yoyote, mpaka kile kikadi kikatolewa kwenye bahasha, na sahihi yake ikiwa juu yake kwa wino wa bluu.

Akikujibu ndani ya siku 30 na kiasi cha maana, usikimbilie kukikataa. Sheria inasema ukikataa pendekezo la haki, mahakama inaweza kukupa hicho hicho alichopendekeza na si zaidi, kwa upande wa 93A. Akikupa dola 500 za kukunyamazisha, hilo si pendekezo la haki. Akikurudishia dola 3,515 zote na riba, mimi ningekushauri upokee, uende ukalale. Hayo ni maoni yangu. Wapo wenzangu ofisini ambao wangekuambia ushikilie zile 6,300 za dipoziti, na sheria iko upande wao pia.

Asipojibu, nenda mahakama ya madai madogo. Inapokea madai ya hadi dola 7,000, na ile nyongeza ya mara mbili au mara tatu inaweza kuvuka kiwango hicho, kwa hiyo dai lako la 3,515 linaingia. Unaweza kulipeleka Mahakama ya Nyumba vilevile. Si lazima uwe na wakili. Mkalimani ni bure. Mwombe mapema, taja Kiswahili, na usikubali mtoto wako atafsiri. Mtoto asibebeshwe kusema maneno ya mwenye nyumba mbele ya mama yake.

Na mume wako mwambie hivi, kwa heshima zote. Sheria hii haiulizi mtu ametoka wapi wala ana karatasi gani. Inauliza kama ulipanga, kama ulilipa, na kama ulidanganywa. Kama kuna jambo la uhamiaji linalowapa hofu ya kuingia mahakamani, njooni kwanza kwenye ofisi ya msaada wa kisheria mzungumze kwa siri kabla ya kufungua chochote. Una miaka minne kwa dai la 93A, kwa hiyo hakuna anayewakimbiza. Lakini barua itume wiki hii. Watu huhama, huuza nyumba, hubadilisha namba.

SWALI

Jambo mama. Mimi ni Mkongo wa Bukavu, tuko Worcester na familia. Tunakaa orofa ya tatu ya nyumba ya mbao ya orofa tatu. Mwenye nyumba anakaa ya chini. Ni mtu wetu, tunasali pamoja, na tulipofika alitupokea uwanja wa ndege, mke wake akatupikia. Tulimpa dipoziti dola 1,500 mkononi. Sasa anauza nyumba. Nimemuuliza pesa yetu, anasema tumuulize mnunuzi. Nimesikia kuna sheria ya udanganyifu. Lakini nitamshtaki vipi mtu aliyenipokea?

Baba wa Orofa ya Tatu, Worcester

JIBU

Jambo sana baba, na pole. Swali lako limenikaa moyoni kuliko la pesa nyingi, kwa sababu najua ile sahani ya ugali waliyowapa usiku wa kwanza. Wema ule ulikuwa wa kweli, na haufutiki kwa sababu ya dola 1,500. Na dola 1,500 nazo hazifutiki kwa sababu ya ugali.

Kwanza nikusahihishe jambo moja ili usije ukaaibika. Ile 93A inahusu biashara. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya Massachusetts iliamua kwamba mtu anayeishi ndani ya nyumba yake ndogo na kupangisha sehemu iliyobaki, bila kuwa na nyumba nyingine za kupangisha, si lazima ahesabiwe kuwa yuko kwenye biashara. Kwa hiyo kama mzee wenu hana nyumba nyingine, usitegemee 93A.

Lakini sheria ya dipoziti haina msamaha huo. Inamhusu mwenye jumba la vyumba mia na inamhusu mzee wa orofa ya chini. Alitakiwa aiweke benki kwenye akaunti ya pekee na akupe risiti. Hakufanya hivyo. Unaweza kumtaka akurudishie yote hata leo, ukiwa bado unaishi humo. Na akiuza, ana wajibu wa kumkabidhi mnunuzi dipoziti yako. Mnunuzi naye, kwa kawaida, anabeba deni hilo hata kama hakukabidhiwa senti. Akishindwa kuikabidhi, hapo ndipo mara tatu inapoingia.

Kwa hiyo kauli yake ya "muulizeni mnunuzi" ina nusu ya ukweli ndani yake, na nusu ya uongo ndiyo itakayomwumiza yeye mwenyewe siku mnunuzi atakapomgeukia.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Nenda chini jioni moja, wewe na mtu mzima mmoja anayeheshimika na nyote wawili, si umati. Usiende na neno mahakama. Mwambie: mzee, umetupokea, hatutasahau, lakini sheria ya huku inakutaka urudishe dipoziti au uikabidhi kwa maandishi, na usipofanya hivyo inaweza kukugharimu dola 4,500. Sipendi ukukute mkosi huo. Kisha mpe karatasi, nakala mbili, yenye kiasi, tarehe mliyompa, na anwani. Mwombe atie sahihi kwamba alipokea dola 1,500. Pesa mliyompa mkononi haina shahidi, na sahihi hiyo ndiyo shahidi wako wa kwanza. Nimeshuhudia mazungumzo ya namna hii yakiisha kwa chai, kwa sababu mara nyingi mwenzetu hakujua sheria. Alifanya kama walivyomfanyia yeye alipofika.

Asipotia sahihi, andikia wote wawili, yeye na mnunuzi, kabla ya siku ya mauzo, kwa barua ya rejista. Mawakili wa mauzo hawapendi kuona deni lisiloeleweka mezani siku ya kutia sahihi, na hapo hulishughulikia upesi. Hilo si kumshtaki mtu. Ni kusema una pesa zako kwake.

Kama hata hapo hatalipa, baba, nenda madai madogo. Kanisani mtaendelea kuonana. Watoto wako wanahitaji hiyo dipoziti kwa nyumba ijayo.

SWALI

Mambo dada. Nimepata nyumba nzuri Boston kwenye matangazo ya mtandaoni, bei iko chini sana. Mwenyewe anasema yuko Dubai kikazi, atanitumia ufunguo kwa posta nikishamtumia dipoziti kwa simu. Pia kuna dalali mwingine anataka kodi ya mwezi mzima kama ada yake. Ni sawa?

Mwanafunzi, bado natafuta

JIBU

Usitume hata senti. Nyumba usiyoiingia kwa miguu yako, au ya rafiki unayemwamini, haipo. Hawa huchukua picha za nyumba inayouzwa kweli, wakashusha bei, wakaenda "Dubai". Kama ulishatuma chochote, piga simu benki yako sasa hivi kabla ya kumaliza kusoma, kisha ripoti polisi na ofisi ya Mwanasheria Mkuu.

Kujua nyumba ni ya nani hakuhitaji ujasusi. Hati za umiliki wa ardhi Massachusetts zinatazamwa mtandaoni bure, na miji mingi inaonyesha jina la mwenye nyumba kwenye tovuti ya makadirio ya kodi ya ardhi. Unaandika namba ya nyumba na barabara, jina linatoka. Jina likitofautiana na la huyo wa Dubai, funga mazungumzo.

Kuhusu dalali: kule Dar tumezoea kumlipa dalali kodi ya mwezi hata kama aliletwa na mwenye nyumba. Hapa, tangu tarehe 1 Agosti 2025, anayemwajiri dalali ndiye anayemlipa. Kama mwenye nyumba ndiye aliyemweka atangaze nyumba yake, ada si yako. Muulize kwa maandishi, "Nani amekuajiri?", na utunze jibu. Na tangu tarehe 2 Septemba 2025 kanuni mpya za Mwanasheria Mkuu zinataka bei inayotangazwa iwe ni jumla pamoja na ada za lazima, kwa hiyo ukiona tangazo la dola 1,900 na ukifika zinaongezeka za "huduma" na "uendeshaji", piga picha ya tangazo kabla halijabadilishwa.

Nitumie namba ya nyumba na jina la barabara, mdogo wangu, tuitafute pamoja.